Kuchagua Shokamzoba za Gari la Zamani: Peugeot 504 na Barabara za Mlima Kenya

Miongoni mwa magari ya zamani ambayo wenyewe katika miji ya Mlima Kenya hawajakubali kuyaacha yaozee uani, Peugeot 504 ina heshima yake ya pekee. Gari hili lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968, likateuliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na baadaye likaunganishwa nchini Kenya katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa, ambapo steshen wagoni zake zenye safu tatu za viti zikawa teksi za masafa marefu zilizotegemewa na wasafiri wengi kabla ya matatu za kisasa kutawala njia hizo. Jina lake lilijengwa pia na mashindano ya Safari Rally, ambayo 504 ilishinda mwaka 1975 chini ya usukani wa Ove Andersson, na tena mwaka 1978 chini ya Jean-Pierre Nicolas, baada ya mtangulizi wake, Peugeot 404, kushinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ilitokana na jinsi gari lilivyokaa barabarani, kwa maana waundaji wake walilipa springi laini zenye mwendo mrefu, kisha wakazilinganisha kwa makini na shokamzoba za kuzituliza. Ulinganifu huo ndio unaopotea kwa urahisi shokamzoba za kiwandani zinapochakaa na nafasi yake kuchukuliwa na zozote zinazopatikana dukani. Makala haya yanaeleza namna ya kuzichagua zile zinazofaa, na hoja yake kuu ni kwamba shokamzoba bora ni ile inayolingana na springi, uzito na barabara za gari husika, hata kama si ngumu wala si ghali kuliko zote zilizo rafuni.

Kazi ya shokamzoba

Watu wengi hudhani kwamba shokamzoba ndiyo inayobeba gari, ilhali kazi ya kubeba ni ya springi. Gurudumu linapokanyaga tuta, springi hujikunja na kuhifadhi nguvu ya kishindo, kisha hujaribu kuirudisha nguvu hiyo kwa kujinyoosha, na kama hakuna kitu cha kuituliza, gari litaendelea kupanda na kushuka mara kadhaa baada ya tuta kupita. Shokamzoba, ambayo gerejini huitwa pia shokapu, huimaliza nguvu hiyo kwa kuigeuza kuwa joto. Ndani yake mna oili na pistoni iliyoshikwa na fimbo ya chuma king'aavu, na kila fimbo inapoingia au kutoka, oili hulazimika kupenya katika vali, yaani vitundu vyenye vizibo vidogo vinavyofunguka kwa kadiri ya msukumo. Ugumu wa oili kupenya ndio unaopunguza kasi ya springi, na msuguano wake ndio unaoifanya shokamzoba iwe moto baada ya safari ya barabara mbovu.

Kazi hiyo hufanyika katika pande mbili ambazo mnunuzi anapaswa kuzitofautisha. Upande wa kwanza ni wa kubanwa, gurudumu linapopanda kuelekea bodi, na upande wa pili ni wa kufunguka, springi inapolisukuma gurudumu chini. Kwa kawaida shokamzoba za magari ya barabarani hupingana zaidi na kufunguka kuliko kubanwa, kwa sababu upinzani mkubwa wakati wa kubanwa hupeleka kishindo moja kwa moja kwenye bodi, ilhali upinzani wa kutosha wakati wa kufunguka ndio unaozuia gari lisirushwe juu. Hata hivyo upinzani huo ukizidi, huleta dosari ambayo wengi hawaitambui. Gari likipita juu ya mfululizo wa mawimbi madogo ya barabara ya changarawe, springi hukosa muda wa kujinyoosha kati ya wimbi moja na jingine, ikabaki imekunjika zaidi na zaidi, mpaka gari likawa limezama na kuanza kugonga raba za kizuizi, yaani vipande vya mpira vinavyozuia chuma kugongana na chuma. Dereva husikia vishindo vikali na kudhani kwamba shokamzoba ni laini mno, akaenda kutafuta ngumu zaidi, na hivyo kuliongeza tatizo lilelile.

Aina zilizopo

Shokamzoba zinazopatikana kwa magari ya zamani zimegawanyika katika makundi machache. Kundi la kwanza ni la mirija miwili yenye oili pekee, ambamo pistoni hufanya kazi katika mrija wa ndani, huku mrija wa nje ukiwa ghala la oili inayosukumwa na fimbo inapoingia. Muundo huu ndio uliotumika katika magari mengi ya kizazi cha 504, nao ni laini na wa bei nafuu, isipokuwa unapofanya kazi kwa kasi juu ya mawimbi ya barabara, hewa iliyo ghalani huweza kuchanganyika na oili ikawa povu, na povu halina upinzani wa oili safi. Kundi la pili ni la mirija miwili yenye gesi ya nitrojeni kwa shinikizo dogo, ambayo kazi yake ni kupunguza povu hilo. Kundi la tatu ni la mrija mmoja wenye gesi kwa shinikizo kubwa, linalofikia takriban baa 20 hadi 30, ambamo gesi hutenganishwa na oili kwa pistoni ya pili isiyofungwa kwenye fimbo. Muundo huu uliasisiwa na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon na kuenezwa na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani.

Ya mrija mmoja hupoza joto vizuri, kwa kuwa oili imegusana na ukuta wa nje, lakini gesi yake huisukuma fimbo nje wakati wote na kuliinua gari kidogo. Zaidi ya hayo, jiwe likiubonyeza mrija huo mmoja, pistoni hukwama, ilhali katika mirija miwili mbonyeo mdogo wa nje huenda usiiguse pistoni. Kwa 504 ya matumizi ya kawaida, ya mirija miwili yenye gesi ya shinikizo dogo ndiyo chaguo la busara, huku ile ya oili pekee ikimfaa anayetaka ulaini wa awali na ambaye safari zake nyingi ni za lami. Magari ya Kiingereza yaliyotangulia, kama vile Morris Minor, yana aina nyingine kabisa, ambamo mkono wa chuma husukuma pistoni ndani ya kisanduku chenye tundu la kuongezea oili; hizo hukarabatiwa na fundi mjuzi, na kuzitupa ili kufunga za kisasa ni hasara isiyo ya lazima.

Kuchunguza kabla ya kununua

Uchaguzi mzuri huanza na kuthibitisha kwamba kilichoharibika ni shokamzoba kweli. Jaribio linalojulikana na wengi ni la kuikandamiza kona ya gari kwa nguvu na kuiachilia, ambapo kona hiyo inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Jaribio hili hufichua shokamzoba iliyokufa, lakini haliwezi kufichua iliyodhoofika, kwa sababu mikono ya binadamu haifikii kasi ambayo gurudumu hupanda na kushuka likiwa barabarani. Ushahidi wa uhakika zaidi uko kwenye tairi na kwenye fimbo. Kiganja kikipitishwa polepole juu ya uso wa tairi kufuata mzunguko wake, na kikahisi mabonde na vilima vinavyofuatana, ni dalili kwamba gurudumu limekuwa likirukaruka badala ya kubingirika, ingawa gurudumu lisilosawazishwa nalo huacha alama za namna hiyo. Kwenye shokamzoba yenyewe, unyevu mwembamba karibu na sili, yaani mpira unaozuia oili kutoka, si ajabu kwa chombo kilichotumika, bali mchirizi wa oili uliokusanya vumbi jekundu hadi chini ya mrija ni dalili kwamba kazi yake imekwisha.

Vipo vilevile viungo vingine vinavyosingiziwa kuwa shokamzoba. Bushi, yaani vipande vya mpira vinavyoshikilia viungo vya chuma, zikipasuka hugonga kila shimo hata kama shokamzoba ni mpya, na mpira unaoshikilia ncha ya juu ya shokamzoba ya mbele ukilegea, sauti hiyo husikika dhahiri usukani unapokatwa. Springi zilizochoka huteremsha gari, jambo linaloweza kupimwa kwa kuliegesha mahali tambarare, kama vile sakafu ya kituo cha mafuta, kisha kulinganisha kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi kwa upande wa kulia na wa kushoto. Tofauti inayoonekana kwa macho hutaka springi zishughulikiwe kwanza, kwa kuwa shokamzoba mpya haiwezi kuinua kilichozama, na ikilazimishwa kufanya kazi karibu na mwisho wa mwendo wake itaharibika mapema.

Kulijua gari lenyewe

Kosa la kawaida dukani ni kuagiza shokamzoba za 504 bila kutaja ni 504 ipi. Mbele, magari haya yana strati, yaani mguu mmoja uliounganisha springi na shokamzoba, na katika ukarabati mwingi kinachobadilishwa ni katriji, yaani shokamzoba nzima iliyofungiwa kiwandani, ambayo huingizwa ndani ya mrija wa strati ya zamani. Nyuma ndiko kwenye tofauti kubwa. Katika saluni nyingi za 504 kila gurudumu la nyuma linajitegemea kwa mkono na springi yake, lakini saluni ya toleo la L ina ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili. Steshen wagoni nayo ina ekseli nzima iliyobebwa na springi nne za mviringo, mbili kila upande, huku pikapu ikibebwa na springi za bamba, yaani vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine. Springi hizo hazina nguvu sawa, na kwa hiyo shokamzoba ya steshen wagoni ikifungwa kwenye saluni, hata kama imetoshea, italifanya gari lidunde kwa ukavu, na ya saluni ikifungwa kwenye steshen wagoni yenye mzigo itashindwa kazi kabla ya wakati wake. Inafaa mwenye gari alale chini ya gari au aliingize kwenye shimo la gereji, ajionee mwenyewe, kwa sababu magari ya umri huu yamepita mikononi mwa mafundi wengi na huenda sehemu zake za nyuma si zile zilizotoka kiwandani.

Barabara na mzigo

Eneo la Mlima Kenya lina aina tatu za safari ambazo kila moja huisumbua shokamzoba kwa namna yake. Upande wa Othaya, Tetu na Mukurwe-ini, barabara hupanda na kuteremka kutoka mgongo mmoja wa kilima hadi mwingine, kona ni nyingi, na mvua za Machi hadi Mei huzichimba njia za kwenda vituo vya majani chai. Hapo gari huinama ubavuni na kuinamisha pua kila breki inapokanyagwa, na shokamzoba za mbele zinahitaji uthabiti wa kufunguka ili magurudumu yasipoteze mshiko katikati ya kona. Kutoka Kiganjo kupitia Naro Moru hadi Nanyuki na Timau, nchi hufunguka, mwendo huongezeka, na shida hubaki kwenye matuta yaliyojengwa mijini na kwenye njia za changarawe zinazochepuka kuingia Laikipia, ambazo mawimbi yake huchemsha oili. Msafiri wa huko ndiye anayefaidika zaidi na gesi. Upande wa mashariki, kutoka Meru kupitia Chuka hadi Embu, barabara hukata mabonde ya mito mingi inayotoka mlimani, na miteremko yake mikali, ikiwemo ile ya daraja la Nithi inayojulikana kwa ajali, haimsamehe dereva ambaye magurudumu yake yanaruka wakati wa kufunga breki, kwa kuwa tairi lisilogusa barabara halina uwezo wa kupunguza mwendo.

Mzigo nao unapaswa kutajwa kwa ukweli. Steshen wagoni inayopeleka viazi na kabeji kwenye soko la Karatina kila juma haiwezi kuchaguliwa shokamzoba sawa na ile inayotoka Jumapili pekee ikiwa na watu wawili. Aliye na mzigo wa kudumu huanza kwa kuimarisha springi hadi kiwango cha kiwandani, kisha hutafuta shokamzoba zilizoundwa kwa kazi nzito, ambazo kwa kawaida zina fimbo na mrija mnene zaidi. Asiye na mzigo akinunua hizo kwa kudhani kwamba uimara ni faida wakati wote, atalihamishia gari lake vishindo ambavyo bodi ya chuma yenye umri wa miaka 40 au zaidi, huenda ikiwa na kutu mahali shokamzoba zinaposhikiliwa, haikuundwa kuvipokea.

Kwa sababu hiyohiyo inafaa kuepuka mvuto wa shokamzoba za mashindano. Mashindano ya East African Safari Classic Rally, yaliyoanza mwaka 2003, yamewaonyesha watazamaji magari ya kale yakiruka mashimo bila kuvunjika, na ni rahisi kufikiri kwamba siri iko katika shokamzoba pekee. Magari hayo yameimarishwa bodi, springi na sehemu za kushikilia, na shokamzoba zake hufunguliwa na kukarabatiwa na mafundi baada ya kazi. Gari la familia halipati huduma hiyo, wala halihitaji kustahimili mwendo ule.

Vipimo na ununuzi

Namba ya kiwandani ya kifaa ndiyo njia bora ya kupata inayofaa, lakini kwa gari la zamani namba hiyo mara nyingi imefutika au haipo tena sokoni, na hapo kipimo huchukua nafasi yake. Vinavyopimwa ni urefu wa shokamzoba ikiwa imebanwa yote, urefu ikiwa imefunguka yote, aina ya ncha zake, yaani kama ni pete au msumari wenye nati, upana wa bushi, na unene wa bolti. Kwa katriji ya mbele huongezwa kipenyo cha mrija wa ndani wa strati, kina chake, na aina ya hesi za nati inayoifunga. Shokamzoba iliyo fupi ikifunguka itazuia gurudumu kushuka na hatimaye kung'oa ncha yake, isipokuwa pale ilipoundwa tangu kiwandani kuwa kikomo cha mwendo. Ile iliyo ndefu ikibanwa itafika mwisho kabla ya raba ya kizuizi kuguswa, na pistoni au sehemu ya kuishikilia kwenye bodi itavunjika. Katika 504, ambayo magurudumu yake yana mwendo mrefu kuliko ya saluni nyingi za sasa, makosa haya hutokea kila fundi anapochukua shokamzoba ya gari jingine kwa sababu tu pete zake zimeingia.

Sokoni, majina kama Monroe, KYB, Gabriel, Bilstein na Koni yana historia ndefu, na ndiyo maana huigizwa. Kifaa halisi hutambulika kwa namba iliyopigwa kwenye chuma, wala si kwenye karatasi ya gamu pekee, kwa mchomeleo safi, na kwa fimbo isiyo na mkwaruzo wala doa la kutu. Shokamzoba ya mirija miwili ikisimamishwa wima na kubanwa polepole kwa mkono mara kadhaa, inapaswa kuleta upinzani laini usiokatika, na pengo la ghafla katikati ya mwendo baada ya hapo ni sababu ya kuirudisha. Risiti yenye jina la duka na masharti ya kurudisha ina thamani kubwa kuliko punguzo dogo la bei. Zilizotumika, kama zile zinazouzwa katika maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, zinafaa kununuliwa kwa ajili ya sehemu adimu kama vile mrija wa strati au vikombe vya springi, wala si kwa kazi ya kutuliza, kwa kuwa hakuna ajuaye zimebakiza nini. Desturi ya kutoboa shokamzoba kuukuu, kuijaza oili nzito na kuichomelea haifai, kwani oili isiyo ya unene sahihi huvuruga vali, na kwa zile za gesi kazi hiyo inaweza kumlipukia fundi.

Kufunga na kutunza

Shokamzoba hubadilishwa kwa jozi, zote mbili za mbele au zote mbili za nyuma, ili gari lisivutwe upande mmoja wakati wa kona na breki. Kazi ya mbele hudai tahadhari ya pekee, kwa kuwa springi ya strati imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua, na haifunguliwi bila vibanio maalumu vilivyo katika hali nzuri. Kamba na waya si mbadala. Fimbo isishikwe kwa koleo, kwa sababu mkwaruzo mmoja huikata sili kila inapopita. Katriji inapoingizwa, kiasi kidogo cha oili huwekwa kati yake na mrija wa strati ili kupitisha joto nje, na kifuniko cha vumbi pamoja na raba ya kizuizi huwekwa vipya. Bolti za bushi za mpira hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu, kwani zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hubaki umejipinda na kupasuka mapema. Baada ya strati kufunguliwa, mwelekeo wa magurudumu hupimwa upya, na nati zote hukaguliwa tena baada ya safari chache za mwanzo.

Mwenye bajeti ndogo hana haja ya kufanya yote kwa siku moja, ila utaratibu una maana. Aanze na matairi yenye shinikizo sahihi, afuatishe bushi na mipira ya juu, kisha springi zilizozama, na fedha zilizobaki zinunue shokamzoba za ubora wa wastani zenye vipimo na uthabiti unaolingana na toleo la gari lake. Akifuata mpangilio huu, atapata gari linalotulia vizuri kuliko la yule aliyeanza na shokamzoba za bei kubwa juu ya springi zilizochoka, na ataulinda ulinganifu ulioifanya 504 iaminiwe katika barabara hizi tangu mwanzo. Vipimo vilivyochukuliwa, namba za vifaa vilivyofungwa na tarehe ya kazi viandikwe katika daftari linalokaa na gari, ili fundi atakayelihudumia baadaye, na mrithi atakayelipokea, wasilazimike kubahatisha.